Sifa za Kirangozi

Katika fani zote ambazo binadamu hujifunza kwa miguu yake, sioni iliyo na adabu kubwa kuliko fani ya kirangozi, yule mtu aliyetangulia misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda bara, na ambaye kila alipofika njia panda aliburura mguu mchangani au alilaza tawi bichi kuikata njia isiyofuatwa, ili pagazi wa nyuma kabisa, aliyeinama chini ya pembe ya ndovu, asije akapotea. Majina yaliyoandikwa vitabuni ni ya mabwana waliomfuata.

Fani hii niliikuta hai Katelembo, upande wa Machakos, ambako ardhi iliyokuwa malisho sasa imepimwa viwanja, na njia za miguu zilizokuwa zikielekea moja kwa moja vilimani zimelazimika kuzunguka pembe za seng'enge. Mzee wa Kikamba aliyetuongoza hakuchukua ila fimbo na kibuyu cha maji, akaenda taratibu hata vijana wetu wakaona haya, mpaka tulipoanza kupanda, ndipo haya ikawatoka pamoja na pumzi. Penye mgunga mmoja njia ikagawanyika. Akavunja kitawi, akakilaza upande wa kushoto.

"Mzee, kwani nyuma yetu yuko nani?" nikamwuliza.

"Mama zako wanakuja na chakula, mwanangu. Ile imezibwa tangu juzi."

Kwenye matuta alikuwa mkali. Matuta ya Ukambani, yale ya fanya juu, hupatikana kwa kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa mlimani, na ukingo huo ukikanyagwa mara kwa mara mvua huuvunja. Basi alitupitisha kandokando ya shamba, japo njia ilirefuka, wala hakuomba radhi kwa urefu huo. Mjukuu wake anayejifunza humweka mkiani, apate kwanza kujua mashaka ya wanaofuata. Nami sikustaajabu kuyaona hayo kwa Wakamba, kwani katika karne ya 19 misafara yao ilileta pembe Mombasa muda mrefu kabla watu wa pwani hawajaishika biashara hiyo, na mmisionari Krapf alipouona mlima Kenya na theluji yake kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, alikuwa mgeni wa Kivoi, tajiri wa misafara; huko Ulaya wataalamu wakakaa miaka wakibisha kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na istiwai.

Kilimanjaro nako ni shule nyingine. Pale mizigo ya wapagazi hupimwa langoni isizidi kilo 20, na mwendo wa usiku kutoka kibanda cha Kibo, kilichoko kiasi cha mita 4,700, hupita katika kokoto zinazoteleza, ambamo kila hatua hurudisha nusu yake. Kiongozi wetu, Mchaga, alikata mteremko huo kwa mshazari, akikandamiza kisigino hata kokoto zitulie, na kila baada ya muda alimwuliza mmoja wetu jambo la kipuuzi, mara habari za watoto, mara jina la shule aliyosoma. Nilidhani ni maongezi tu ya kufukuza usingizi, kumbe kwa jibu lililochelewa au ulimi uliokwama alimtambua yule ambaye hewa nyembamba imeanza kumdhuru, akamrudisha chini pasipo hoja. Watu wa Marangu husema kwamba hata wapanda milima Meyer na Purtscheller, waliofika kileleni mwaka 1889, walionyeshwa njia na kijana wao, Yohani Kinyala Lauwo.

Ng'ambo, katika Jabal Akhdar ya Omani, tulifuata falaji, mfereji wa maji upitao ubavuni mwa genge kwenda kwenye makonde ya makomamanga na mawaridi, tukiongozwa na mzee aliyezaliwa Unguja na ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Kupanda alituachia tutangulie. Lakini kushuka, ambako ndiko kunakovunja magoti, alitangulia yeye, akiligonga kwa fimbo kila jiwe lililolegea kabla hatujalikanyaga. Ujira aliukataa katakata. Kahawa hakuikataa, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza alikwisha kutuuliza bei ya karafuu Pemba.