Mkulima 'anayecheka hadi benki' anamcheka nani?

KILA Oktoba inapobisha hodi na malipo ya mwisho wa mwaka ya majani chai kutangazwa, kuna sentensi isiyokosa kusikika redioni, kwenye runinga na hata katika kurasa za magazeti ya Kiswahili: wakulima wa Nyeri, Kirinyaga, Embu au Meru "wanacheka hadi benki." Wapo wanaoirefusha: "wanacheka njia yote hadi benki." Imezoeleka kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari kule Karatina huipachika kwenye insha akitarajia alama za msamiati. Mwalimu naye huipigia tiki.

Nina ugomvi na sentensi hiyo. Na mpenzi msomaji asidhani kwamba ninaipinga kwa sababu tu imetoka kwa Kiingereza. Kiswahili kimekopa misemo mingi ya kigeni kwa njia ya tafsiri na haijakidhuru. Tunasema "vita baridi," tunasema "kuvunja rekodi," na hakuna anayeshtuka. Mkopo mzuri hujaza pengo. Swali ni iwapo huu wa kucheka hadi benki unajaza pengo lolote, na iwapo unasema ukweli kumhusu huyo anayetajwa.

Tuanze na ulikozaliwa. Nchini Marekani katika miaka ya 1950, mpiga piano Liberace aliandamwa sana na wahakiki waliouona muziki wake kuwa wa ovyo. Jibu lake lililopata umaarufu ni kwamba maneno yao yalimuumiza mno, akalia njia nzima hadi benki. Kinaya hicho! Alimaanisha kwamba wao waendelee kumsema, yeye anahesabu noti. Leo walio wengi husema kucheka badala ya kulia, lakini kiini kimebaki palepale. Kwa Kiingereza, anayecheka akienda benki ni mtu aliyepata pesa nyingi kwa wepesi, aghalabu huku wengine wakimdharau, wakimwonea kijicho, au wakiwa ndio waliopoteza. Kicheko hicho kina mtu anayechekwa.

Sasa mwangalie mkulima wa Tetu au wa Othaya. Anaamka umande ukingali majanini. Anachuma majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, kisha anapeleka kwenye kituo cha kununulia na kupanga foleni akisubiri mizani. Kila mwezi hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo. Salio hungojwa hadi mwaka wa fedha uishe Juni, chai iwe imeuzwa, gharama za kiwanda zitolewe na hesabu zifungwe. Salio hilo ndilo sisi tunaliita "bonasi." Neno hilo nalo lina lake! Bonasi kwa kawaida ni nyongeza, zawadi anayopewa mtu juu ya haki yake. Hapa mkulima anapokea awamu ya pili ya bei ya majani yake mwenyewe, mengine aliyachuma zaidi ya mwaka mmoja uliopita. "Malipo ya pili" ndilo jina linalosema kweli, ingawa najua halitavuma. Bonasi ni tamu mdomoni.

Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, bonasi na kicheko, unapata picha ya mtu aliyeokota pesa njiani. Muulize guka yeyote aliyetoka kupokea malipo hayo. "Kucheka gani, mwanangu? Hiyo pesa ina wenyewe." Kuna mkopo wa mbolea, kuna karo ya muhula wa tatu, kuna deni la dukani, kuna chama. Pesa huingia zikiwa zimekwisha kugawanywa. Sisemi kwamba hafurahi. Hufurahi, na ipo miaka malipo yanapokuwa mazuri na soko zima la mji likachangamka, wauza mabati na wauza ng'ombe wakajua kumekucha. Lakini furaha ya kulipwa jasho lako si kicheko cha Liberace.

Kwangu, hapa ndipo penye madhara. Kichwa cha habari kikishatangaza kwamba wakulima wanacheka, ni nani atakayekuwa na sikio la kusikiliza malalamiko yao kuhusu makato, bei ya pembejeo au malipo yaliyopungua? Mtu anayecheka hana shida. Jamaa wa mjini atapiga simu kuomba kukopeshwa. Mfanyabiashara atapandisha bei ya simiti. Na mkulima mwenyewe, akisimama mkutanoni kuuliza swali, ataonekana kuwa mtu wa kulalamika tu, asiyetosheka.

Lipo jambo jingine. Kiswahili kilikuwa tayari na usemi unaoweka kicheko na mavuno pamoja, tena kwa maana iliyo kinyume kabisa: ukicheka na nyani, utavuna mabua. Katika methali hii kicheko ndicho kinachokugharimu mavuno. Mkulima anayepakana na msitu wa Aberdare anaijua bila kufafanuliwa, maana nyani wa methali na nyani wa shambani kwake ni yuleyule. Ni ajabu kwamba wanahabari wetu, wakitafuta neno la kumwelezea mkulima huyo, waliruka methali iliyolala mlangoni pake wakaenda kuazima mzaha wa mpiga piano.

Wakitaka misemo ya kuonyesha mapato mema, imejaa tele. Wapo wanaotia pesa kibindoni, kibindo kikiwa ule mkunjo wa nguo kiunoni ambamo watu walihifadhia fedha. Wapo wanaovuna jasho lao. Na kwa aliyengoja mwaka mzima, sioni lililo bora kuliko kula mbivu, kwa sababu methali tunakoutoa usemi huo humtaja mstahimilivu. Kusubiri kumo ndani ya neno.

Msamiati wa kucheka wenyewe umeharibiwa na tafsiri ya aina hiyo hiyo. Huwa tunaambiwa Kiingereza kina utajiri wa vicheko: "giggle," "chuckle," "guffaw," "smirk" na kadhalika. Ni kweli, kina neno pekee kwa kila kicheko. Kiswahili hutumia njia yake. Mtoto anayeshindwa kujizuia darasani anachekacheka. Kitenzi kimerudiwa na kazi imeisha. Mwingine anacheka chinichini, mwingine anaangua kicheko, mwingine anacheka mpaka akajishika mbavu. Anayekuonyesha meno bila furaha anakenua. Sioni umaskini hapo.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika viambishi. Kumcheka mtu ni kumdhihaki. Kumchekea ni kumwonyesha uso wa furaha, na wakati mwingine kumlegezea anapokosea. Kuchekelea jambo ni kulifurahia, hata likiwa msiba wa jirani. Mwandishi anayeandika "walicheka kwa mimi" au "walicheka juu yangu" amefuata vihusishi vya Kiingereza, akaacha kitenzi ambacho kingemtosha: walinicheka.

Kosa kama hilo likitokea Nyeri, kidole hunyoshewa lugha ya mama upesi sana. Tumezoea kuwalaumu Wakikuyu kwa r na l, na televisheni imetuchuma vicheko vingi hapo. Lakini katika hili Gikuyu hakina hatia. Kitenzi chake ni gũtheka, ndugu wa damu wa kucheka. Waganda nao husema okuseka, Wanyarwanda guseka, wote kutoka shina moja la Kibantu. Gikuyu pia hunyumbua: gũthekerera ni kumcheka mtu kwa dharau, na hakuna kihusishi kinachohitajika. Pengine mzungumzaji wake ataponyoka na kusema "alinichekelea" akimaanisha "alinicheka," na hilo linaeleweka, kwa kuwa kwao dhihaka hukaa kwenye kinyambuo. "Cheka juu yangu" hakuitoa kwa nyanya yake. Aliitoa darasani, kwenye somo la Kiingereza.

Kuna na ile "methali" ya mcheka mwisho hucheka zaidi, inayopendwa na watangazaji wa kandanda na wanasiasa walioshinda rufaa. Ni ya Wazungu hiyo, Wafaransa na Waingereza wote wanayo. Imetulia kiasi cha haja na sitaigombania. Sisi tunayo mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini hiyo haifai kushangilia bao.

Msimu ujao wa malipo ukifika, mhariri mmoja tu wa habari ajaribu hivi: "Wakulima wa chai Nyeri wala mbivu," ikiwa malipo ni mazuri. Yakiwa mabaya, aandike kiasi cha shilingi kwa kilo na kiasi cha mwaka uliotangulia, kisha anyamaze.