Historia ya Dunia Isomwapo Sapiwi

Vitabu vya historia ya dunia vilivyonipitia mikononi vyafuata njia moja. Huanza katika bonde la mto, vikatoka mtoni vikaingia mjini, kutoka mjini vikaenda kwenye maandiko, na kutoka kwenye maandiko vikaingia katika dola, sheria, dini na vita, hata mwisho vikapanda merikebu za Wahispania na Wareno na kutia nanga mwaka 1492 au 1498, kwa kadiri mwandishi apendavyo kuhesabu. Sina ugomvi na mambo yenyewe. Watu wa Uruk walianza kuandika juu ya vibao vya udongo miaka 3300 hivi kabla ya Kristo. Sheria za Hammurabi zilichongwa juu ya jiwe. Wachina walitengeneza karatasi. Gutenberg alipiga chapa Biblia yake mjini Mainz katikati ya karne ya 15. Yote ni kweli. Ugomvi wangu ni juu ya njia, maana kuchagua njia ni kazi ya mtunzi, na kazi ya mtunzi yaweza kuhakikiwa kama ihakikiwavyo riwaya au utenzi.

Nimevisoma vitabu hivyo Sapiwi, kata ya Bariadi katika Mkoa wa Simiyu. Mito ya nchi hii hupungua wakati wa kiangazi, mingine ikabaki mchanga mtupu. Mji wenye kuta haukuwako, na maandiko yalikuja jana tu. Basi msomaji wa hapa, kama akiifuata njia ya kitabu, hujikuta amesimama kando yake tangu ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa akikariri habari za Misri, aliniamkia kisha akauliza, "Mwalimu, wakati huo sisi tulikuwa wapi?" Nilimjibu kwamba tulikuwapo. Aliandika jibu langu daftarini kwa adabu, nami niliona haya, kwa kuwa halikuwa jibu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kitabu chenyewe huanzia jirani. Kabla ya Misri hutangulia sura ya binadamu wa kale, na sura hiyo ipo mashariki yetu, ng'ambo ya mbuga za Serengeti: fuvu la Zinjanthropus lililoonekana Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Halafu mwandishi afunga mizigo. Akisha kuondoka hapa harudi tena mpaka awe katika msafara wa mzungu mpelelezi, na katikati yamepita mamilioni ya miaka yasiyo na hata aya moja. Mtunzi wa riwaya akimtupa hivyo mhusika wake wa kwanza tungemwita mzembe.

Kuna jibu moja jepesi ambalo vijana hulipenda, nalo ni kwamba Misri ni yetu, kwa hiyo piramidi ni zetu. Hapa Simiyu jibu hilo lina kishawishi cha pekee. Mwaka 1875 Stanley, alipokuwa akilizunguka Ziwa Viktoria, aliutaja mto Simiyu kuwa ndio chanzo cha mbali kabisa cha Naili upande wa kusini. Maji ya Bariadi basi, kwa hesabu ya Stanley, ndiyo yaliyowanywesha Mafarao! Lakini tangu wakati ule imekubaliwa kwamba Kagera ni mkubwa kuliko Simiyu; tena mafuriko na udongo mweusi uliolisha Misri ya kale vilitoka zaidi katika milima ya Uhabeshi, wala si katika ziwa letu, ambalo sehemu kubwa ya maji yake hupanda angani kwa jua. Sioni faida ya kuomba nafasi katika ufalme wa mtu mwingine kwa hoja ya mfereji. Anayejibu hivyo ameikubali njia ile ile ya mto, mji na dola; ameomba tu apangiwe kiti.

Waandishi wetu wa kale nao hawakuepuka kosa hilo. Tazama kitabu cha habari za Kilwa kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, ambacho Mreno João de Barros naye alizipata habari za namna yake akazitia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Mwana wa mfalme wa Shirazi afika kisiwani kwa jahazi, amkuta mwenyeji, naye amnunulia kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenyeji achukua nguo zake avuka kwenda bara. Yasemwa kwamba alikusudia kurudi na jeshi akitwae kisiwa chake. Lakini wageni walikuwa wamekwisha kuchimba mkondo baina ya kisiwa na bara, na alipofika ufukoni alikuta maji yamejaa. Alingoja yapwe, hayakupwa. Akakata tamaa akarudi alikotoka, na hatumwoni tena.

Kisa hiki kimetungwa kwa ustadi mkubwa. Mwandishi alihitaji mambo mawili: haki ya wageni juu ya kisiwa, na kuondoka kwa mwenyeji. Nguo zilimpa la kwanza, maji yalimpa la pili. Lakini yule mtu wa bara alirudi wapi? Kwa nani? Alifanya nini na nguo zote zile? Kalamu haikumfuata. Tangu hapo bara huonekana katika habari za Kilwa kwa mbali tu. Hata Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu na ucha Mungu, alilitaja bara kuwa ni mahali ambapo sultani hupigana na kuchukua ngawira. Nayo Husuni Kubwa, pamoja na biashara yote ya mji ule, ilisimama juu ya dhahabu iliyokuja kwa njia ya Sofala kutoka bara la Zimbabwe, na pembe za ndovu zilizotoka bara. Sisemi kwamba mali hiyo ilipita Sapiwi, haikupita. Nasema kwamba mkondo uliochimbwa katika kisa kile umechimbwa pia katika vitabu vyetu vya shule, nasi tungali tukingoja maji yapwe.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba mwandishi wa Kilwa si mwongo kama baadhi ya wahakiki walivyopenda kumwita. Uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya miji ya kale ya pwani, uliotolewa katika jarida la Nature mwaka 2023, umeonyesha kwamba Waajemi walichanganya damu na wenyeji tangu kama mwaka 1000. Ila umeonyesha zaidi: damu ya Kiajemi ilikuja hasa kwa baba, na kwa upande wa mama ukoo ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Orodha ya masultani imeandika mababa. Mama zao walikuwa ni binti za yule mtu aliyerudishwa na maji.

Sasa niseme juu ya vitabu vya shule. Msukuma hupewa nafasi yake katika kidato cha kwanza, chini ya kichwa cha utemi, akitanguliwa na ukoo na marika. Aya huwa fupi: utemi watokana na kutema, yaani kukata msitu, mtemi aligawa ardhi, alisimamia akiba ya chakula, aliomba mvua. Kisha mwalimu hufuta ubao. Neno lenyewe lina mambo mengi kuliko aya yake. Watu waliomwita mkuu wao kwa jina la kufyeka msitu walikuwa na fikra ya mwanzo wa nchi isiyopungua fikra ya Wasumeri, ambao wafalme wao walijisifu kwa kuchimba mifereji. Wala neno halikufia hapa. Utemi kama cheo cha serikali ulikomeshwa mwaka 1963, lakini ikulu, nyumba ya mtemi kwa Wasukuma na Wanyamwezi, leo ni neno la taifa zima. Kitabu hakisemi. Hakisemi pia msitu ulifyekwa kwa chuma gani. Kule Katuruka, magharibi ya ziwa, watu waliyeyusha chuma miaka 500 kabla ya Kristo au zaidi. Na katika zama za karibu Walongo, wafua chuma wa upande wa Geita, walifua majembe yaliyouzwa Usukuma, jembe likawa chombo cha kulimia na mali ya mahari kwa pamoja. Sura nzima ingeweza kuandikwa juu ya jembe moja.

Iwapo kitabu cha historia kimeshindwa, je, fasihi imefanya nini? Kitabu ninachokirudia ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya Ghuba ya Speke. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Ni habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokosa mtoto. Wazazi wa mke wamrudisha binti yao nyumbani, na mume atakiwa alete pombe ya ndizi ili apewe mke wake tena. Hayamo mapinduzi wala dola. Wengi hukilaumu kwa urefu: kupika pombe hueleza hatua kwa hatua, salamu haziishi, ugonjwa hufuatwa mpaka kwenye mzizi wa dawa. Mimi naona kwamba urefu huo ndio uhodari wake. Yule mtu wa bara aliyeachwa ufukoni na mwandishi wa Kilwa, Kitereza alimfuata hata nyumbani kwake, akakaa naye akamsikiliza akizungumza na mkwewe.

Lawama yangu kwa Kitereza ni nyingine. Katika kitabu chake desturi yaonekana kana kwamba haina umri, kana kwamba babu wa kwanza alishuka nayo. Chukua hiyo pombe ya ndizi. Mgomba si mmea wa asili wa Afrika. Ulitunzwa kwanza na watu wa New Guinea na visiwa vya Asia ya kusini-mashariki maelfu ya miaka iliyopita, ukavuka Bahari ya Hindi. Wataalamu wangali wakibishana ulivuka lini. Kwa hiyo mtungi wa pombe anaoubeba Myombekere kwenda kwa wakweze ni jambo kubwa la historia ya dunia, kubwa kuliko safari za wafalme wengi, na mwandishi aubeba bila kujua. Simlaumu mzee kwa kutosoma elimu ya mimea. Lakini sisi tusomao leo hatuna udhuru.

Tukisha kuliona hilo katika mtungi twaweza kuliona shambani. Mtama ni mmea wa Afrika. Alama za punje zake zimeonekana katika vigae vya vyungu vya mashariki ya Sudani, vya miaka 3500 hadi 3000 hivi kabla ya Kristo, nao mtama ulifika India katika miaka elfu iliyoanza mwaka 2000 kabla ya Kristo. Yaani, wakati karani wa Uruk alipokuwa akichora alama za shayiri na pombe juu ya udongo, mkulima wa Sudani alikuwa akichagua mbegu ambayo ingelisha nusu ya Afrika na sehemu kubwa ya India. Karani amepewa sura. Mkulima hajapewa hata mstari, na tofauti yao ni kwamba mmoja aliandika.

Kisha latokea lile la mwaka 1492. Mwanafunzi wa Sapiwi hukariri mwaka huo kama jambo la Hispania. Haambiwi kwamba ugali wa mahindi aliokula mchana ni matokeo yake, wala kwamba muhogo, karanga na viazi vitamu ni vitu vya Marekani vilivyovuka bahari baada ya Columbus, wala kwamba hata pamba, ambayo kwayo Simiyu hujulikana nchini, ni ya aina iliyotunzwa kwanza Meksiko. Lugha nayo imeficha njia: tumeyaita mahindi kana kwamba ni ya Uhindi, kwa kuwa vitu vya kigeni tulizoea kuviona vikitokea upande huo. Hakuna Mhispania aliyefika hapa kuyaleta. Mbegu ilipita kutoka mkono hadi mkono, jirani akimpa jirani, na hakuna aliyeona kwamba alikuwa akifanya historia.

Niliwahi kumweleza hayo bibi mmoja aliyekuwa akianika michembe juani, vipande vya viazi vibichi vitakavyoliwa kiangazi. Pembeni alikuwa na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiki ni chakula cha asili yetu." Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia. Mtaliano naye huiita nyanya chakula cha asili yake, na hakuna profesa amkemeaye.

Badala yake nilimwuliza marando ya viazi vyake aliyapata wapi. Alisema aina moja alikuja nayo siku alipoolewa, mama yake akiwa amemfungia katika majani mabichi. Nyingine ililetwa na mke wa shemeji yake kutoka upande wa Maswa. Ya tatu, ile nyekundu, aliikuta kwa mama mkwe, naye mama mkwe alikuja nayo pia. Akazitaja aina zote kwa majina, na kila jina akalifuatisha na la mwanamke aliyelileta, akirudi nyuma mpaka pale kumbukumbu yake ilipokoma. Nilikuwa sina karatasi. Nilimwomba arudie, nikamwita yule mwanafunzi aje na daftari.