Gita na Neno katika Kazi za Mbaraka Mwinshehe: Tahakiki ya Usomaji wa Nyimbo kama Matini Tupu

Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka zimekwisha kuingia katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, lakini zimeingia zikiwa nusu. Utaratibu uliozoeleka ni mhakiki kusikiliza wimbo, kunakili maneno, kuyapanga katika beti, kisha kuyachambua kwa dhamira, ujumbe na tamathali za usemi kana kwamba ni shairi lililoandikwa. Kinachoachwa nje ni gita. Kwa baadhi ya wasanii hasara hiyo ingeweza kuvumilika. Kwa Mbaraka, aliyekuwa mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa gita la solo kwa wakati mmoja, ni sawa na kuhakiki tamthiliya kwa kusoma maneno ya mhusika mmoja tu.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule unaotajwa kuwa wa kuasisiwa kwa bendi ya Morogoro Jazz. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, akapanda hadi kuwa sura na sauti yake, akaiacha mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari katika pwani ya Kenya, akiwa na umri wa miaka 34. Hivyo kazi yote inayojadiliwa hapa ilifanyika katika muda usiozidi miaka kumi na mitano. Ufupi huo wa muda husahaulika kwa urahisi, kwa sababu redio iliendelea kuzipiga nyimbo zake kana kwamba mwenyewe yungali hai.

Mahali nako kuna uzito. Mhakiki anayemwita Mbaraka sauti ya taifa bila kwanza kumweka Morogoro anaruka hatua. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka mbali. Katika kata za mji kama Mwembesongo, chini ya Milima ya Uluguru, Kiswahili kilikuwa lugha ya majirani waliotoka nyumba zenye lugha nyingine: Kiluguru cha milimani, Kipogoro cha kusini, na nyingine zilizokuja na garimoshi. Lugha ya Mbaraka ni Kiswahili cha mji wa namna hiyo. Ni nyepesi, haina msamiati wa kishairi wa pwani, inategemea methali na mazungumzo ya barazani. Jina la wimbo “Jogoo la Shamba” linatosha kuonesha hivyo: methali inatajwa nusu, na msikilizaji anaimalizia mwenyewe. Wahakiki waliozoea kupima ushairi kwa vina na mizani wameuona wepesi huo kama upungufu. Ulikuwa sharti la kueleweka.

Mji huohuo ulikuwa na Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdullah, ambaye naye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Jina la bendi hiyo linaonesha chimbuko la sauti yake, yaani santuri za Kikuba zilizoenea Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo dai linalorudiwa mara kwa mara kwamba Mbaraka aliwakilisha “muziki wa asili” linahitaji tahadhari. Hata “Likembe”, mojawapo ya mitindo ya Morogoro Jazz, ni jina la ala inayofahamika zaidi Kongo. Uasili wa Mbaraka uko katika namna alivyovitumia alivyovikuta, wala si katika usafi wa chimbuko.

Hapa ndipo gita linapodai nafasi yake katika uchambuzi. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati, na akaipa ngomezi hadhi ya utanzu kamili. Ngomezi ni usemi wa ngoma, ambamo ala hubeba maneno bila mdomo. Inashangaza kwamba wahakiki wanaokubali uainishaji huo bado huichambua dansi kwa karatasi. Si hoja ya tahakiki hii kwamba gita la Mbaraka ni ngomezi kwa maana kamili. Halina msimbo ambao jamii imekubaliana juu yake. Lakini linafanya kazi inayokaribiana nayo. Mwimbaji anapomaliza mstari, gita la solo hulijibu umbo la sauti ya mstari huo, hulirefusha, mara nyingine hulipinga. Maneno yanapokoma na wimbo kuingia sehemu ya kuchemka, msikilizaji hubaki na mjadala uleule mikononi mwa ala. Kuiita sehemu hiyo “muziki tu” ni kukata kauli ya msemaji wa pili.

Athari ya ukataji huo inaonekana wazi katika nyimbo zenye mwelekeo wa kisiasa. Morogoro Jazz ilikwenda Japani mwaka 1970 kwa ajili ya maonesho ya kimataifa ya Osaka, na wimbo “Expo 70” ni kumbukumbu ya safari hiyo. Upo pia wimbo wa maombolezo ya Dkt. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Ismani tarehe 25 Desemba 1971, katika mvutano uliohusu utekelezaji wa Ujamaa. Kwa maneno matupu, ni rahisi kuhitimisha kuwa Mbaraka alikuwa msemaji wa dola. Kelly Askew amekwisha kuonesha, katika utafiti wake wa mwaka 2002, kwamba utendaji wa muziki Tanzania haukuwa mkondo wa upande mmoja kutoka kwa serikali kwenda kwa wananchi. Wimbo wa Kleruu unaithibitisha hoja hiyo kwa umbo lake: ni maombolezo yaliyotungwa kwa bendi ya dansi. Watu waliombwa kusikitika katika muundo waliouzoea kwa kucheza. Je, walisikitika, au walicheza? Matini haijibu. Na ukiuweka kando ya “Shida”, ulioupeleka umaarufu wake hadi Kenya, picha ya msemaji wa dola inazidi kulegea, kwa kuwa dhiki inayozungumzwa humo ni ya mtu binafsi, na gita linaibeba kwa subira isiyo na hamasa yoyote ya mkutano wa hadhara.

Suala la utayarishaji wa rekodi limepuuzwa zaidi. Katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na nafasi ya kurekebisha baadaye ilikuwa finyu mno. Kwa hali hiyo upangaji wa wimbo kabla ya kuingia studio ndio uliokuwa utayarishaji wenyewe: nani aanze, saksafoni ziingie wapi, gita la solo liachiwe lini. Kiongozi wa bendi alifanya kazi ambayo leo ina jina na malipo yake. Mbaraka aliifanya bila jina hilo, na santuri zilitolewa Nairobi na kampuni ambazo hakuwa mmiliki wake.

Santuri hizo nazo zilikuwa na sheria yake. Santuri ndogo ilibeba dakika chache kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na mara nyingi maneno yalikaa upande mmoja na gita upande wa pili. Haielekei kuwa jambo la bahati kwamba wahakiki wamenukuu zaidi upande wa kwanza. Baada ya kifo chake zilifuata santuri za mkusanyo zilizotolewa Kenya kwa jina la “Ukumbusho”, na watafiti wengi wamezitegemea kama matini ya msingi. Mkusanyo humpa mhakiki wimbo nje ya mfuatano wa maisha ya mtunzi. Wimbo wa Morogoro Jazz na wa Super Volcano husomwa kama pumzi moja, ilhali kati yake kuna mwaka 1973, bendi mbili, na mpigaji aliyekuwa kwanza mwajiriwa, kisha mkuu wa kundi lake mwenyewe. Kanda za redio, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ndizo zinazoweza kuurudisha wimbo katika urefu wake, na ndizo zinazopaswa kusikilizwa kabla ya beti yoyote kunakiliwa.