Kenyatta, mila na kimya cha binti

Facing Mount Kenya (1938) ni kitabu ambacho wanafunzi wangu hukisifu hata kabla ya kukisoma. Jomo Kenyatta alikiandika baada ya kufundishwa anthropolojia na Malinowski jijini London, na sifa yake kuu naikubali: Mwafrika anaieleza jamii yake mwenyewe, haelezwi na mgeni. Kinachonikera ni utetezi wake wa tohara ya wasichana. Anafuata hoja ya mwalimu wake: kila mila ina kazi, ukiing'oa moja nyingine zinayumba. Haya, tuseme ni kweli. Lakini kazi hiyo inamfaidi nani, na nani anauguza kidonda? Kitabuni nawasikia wazee, hata wamishonari walioipinga desturi hiyo. Msichana mwenyewe je? Simsikii. Kasemewa tu, nasi tukaiita hiyo sauti ya Wagikuyu.