Breki Kubwa Mbele, Kosa Kubwa Nyuma

Wengi wenu mmeiona video ya ile Subaru Impreza WRX ya Tabora iliyopelekwa kwenye mizunguko. Raundi ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu dereva anakanyaga breki, anakanyaga tena, na gari linapitiliza kona hadi kwenye majani. Mjadala wote umekuwa juu ya dereva. Mimi dereva namwacha. Kona ile ilipotezwa gereji, siku breki za STI, ndugu yake mkali zaidi, zilipofungwa mbele na magurudumu ya nyuma yakaachwa kama yalivyoshuka bandarini.

Kazi ya mikono ilikuwa nzuri: habu zilisuguliwa kutu, hozi zikawekwa mpya, nati zikakazwa kwa kipimo.

Sasa uamuzi wenyewe. WRX kama ile ina diski za mbele za milimita 294. Zikatolewa, zikaingia za milimita 326 pamoja na kalipa za Brembo za pistoni 4, na rimu za inchi 17 ili zienee. Nyuma zikabaki diski zilezile na pedi zilezile, tena zilizolika nusu. Sababu iliyotolewa ni kwamba breki ya mbele ndiyo inayosimamisha gari. Huo ni ukweli nusu, na ndio umekula pesa za vijana wengi.

Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito hukimbilia mbele, na magurudumu ya mbele hubeba takriban asilimia 70 ya kazi. Hapo sibishani. Lakini diski ikipanuka kutoka 294 hadi 326, pedi hubana mbali zaidi na katikati ya gurudumu. Kwa presha ileile ya mguu, nguvu ya kusimamisha upande wa mbele hupanda kwa asilimia 10 hivi, na nyuma haipati chochote. Matokeo yake tairi za mbele hufika ukomo wake mapema, ABS inaanza kugonga, na magurudumu ya nyuma bado yana uwezo ambao hakuna aliyeuomba. Pua inazama, lakini gari halisimami kwa umbali mfupi zaidi. Kinachosimamisha gari ni tairi nne zinazoshika barabara. Breki huziomba tu zifanye kazi, na hapa zimeombwa mbili.

Kiwanda kililijua hilo. STI iliyotoa zile diski za 326 ilizaliwa na diski za nyuma za milimita 316 na kalipa za Brembo za pistoni 2. Hesabu ilipigwa kwa magurudumu manne kwa pamoja. Aliyenunua mbele peke yake amenunua nusu ya hesabu, kisha akashangaa jibu halitoki.

Na jambo hili lilitakiwa kueleweka Tabora kuliko mahali pengine popote. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba waya kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, eneo la Tabora, waliubeba kwa mzega, mzigo ncha hii na mzigo ncha ile, mti ukikaa begani. Hakuna pagazi aliyeongeza uzito ncha moja akategemea kufika Unyanyembe.

Mtetezi wa kalipa za Brembo atasema diski kubwa inahimili joto. Ni kweli, na ndiyo faida pekee niliyoiona katika kazi ile. Tupige hesabu. Gari la kilo 1,450 likishuka kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, limetupa robo tatu ya nishati yake, zaidi ya kilojuli 1,000 kwa kukanyaga mara moja. Kwa fungu lile la asilimia 70, kila diski ya mbele ya kilo 8 inapanda karibu nyuzi 100. Diski ya kilo 10 ingepanda chini ya 80. Lakini ukisukumia mbele kazi iliyokuwa ya nyuma, unarudisha sehemu ya joto ulilolipia kulikwepa.

Halafu joto lile linakwenda wapi? Linapita kwenye pedi, kwenye pistoni, hadi kwenye oili ya breki. Hapa ndipo raundi ya tatu ilipopotelea. Kanyagio likiwa gumu na gari halisimami, pedi zimezidiwa. Kanyagio likizama na kurudi baada ya kukanyaga mara mbili, oili imechemka na mabomba yana mvuke. Tazameni mguu wa dereva yule tena. Hiyo ilikuwa oili.

Nimeandika juu ya oili ya breki mpaka wengine wamechoka, na sitaacha. Kwenye Impreza ile upepo ulitolewa magurudumu ya mbele tu. Kalipa kubwa hunywa oili nyingi zaidi, kwa hiyo kilichoingia mle ni oili ya zamani iliyosukumwa kutoka kwenye tangi na mabomba, ikajaziwa juu kwa chupa ya DOT 3 iliyokuwa imeshafunguliwa. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mfumo mzima ungesafishwa kwa chupa mpya, raundi ile ingemalizika, hata kwa diski za 294.

Ukubwa wa diski umegeuzwa kuwa cheo. Magari ya mashindano ya dunia ya rali yanayokimbia Naivasha tangu Safari Rally irudi humo mwaka 2021 hufungwa diski za mbele za milimita 300 kwenye vumbi, ndani ya rimu za inchi 15. Za milimita 370 ni za lami. Wenye fedha za kununua chochote huchagua kwa kazi. Impreza hii inarudi Tabora kula kokoto ikiwa na rimu za inchi 17 na tairi zenye ukuta mfupi.

Nawakumbuka waliojua kutumia breki walizokuwa nazo. Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 yenye breki za dramu magurudumu yote. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, nayo ya dramu. Ukiwa na dramu huna budi kushusha gia mapema na kuiacha injini ibebe sehemu ya kazi. Madereva wa malori wanaoteremka Sekenke wakielekea Igunga wanalijua somo hilo hadi leo. Kijana wetu aliingia kila kona na gia ya juu, kwa kuwa alikuwa ameuziwa imani kwamba kalipa zitamaliza yote.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza DOT 4 mpya au 5.1, magurudumu manne, na ibadilishwe kabla ya kila siku ya mizunguko. Pili, pedi za kuhimili joto, mbele na nyuma, za daraja moja. Tatu, tairi nzuri, kisha mabomba ya kupeleka hewa kwenye diski za mbele. Baada ya hapo, mwenye pesa ya Brembo anunue seti nzima ya STI, mbele na nyuma pamoja. Kama pesa haitoshi seti nzima, abaki na 294 zake, na fundi akatae kufunga nusu.