Boycott Alivyogeuzwa Kitenzi

Mwaka 1982 mchezaji kriketi wa Uingereza, Geoffrey Boycott, alikwenda kucheza Afrika Kusini wakati nchi hiyo imesusiwa kimichezo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Yeye na wenzake wakafungiwa miaka mitatu kuichezea timu ya taifa. Kisa hicho kinaingia katika maneno manne ya Kiingereza: "Boycott defied the boycott." Boycott aliupuuza ususiaji. Neno lilelile limetajwa mara mbili, wala msomaji hababaiki.

Kinachomwongoza ni nini? Herufi kubwa haimfikishi mbali. Neno la kwanza la sentensi huipata hata lisipokuwa jina la mtu, na redioni haisikiki. Kazi imefanywa na kibainishi "the". Jina la mtu katika Kiingereza kwa kawaida husimama lenyewe. Likitanguliwa na "a" au "the", mara nyingi limeshaanza kutaja kitu kingine.

Jina hili adimu lilivuka mpaka huo katika msimu mmoja tu. Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne katika jimbo la Mayo, Ayalandi. Mwaka 1880 wapangaji walidai punguzo la kodi la asilimia 25 wakapewa 10. Septemba hiyo, mwanasiasa Charles Stewart Parnell aliwahimiza watu wa mji wa Ennis wamtenge yeyote atakayechukua shamba la mpangaji aliyefukuzwa. Watu wa Mayo wakaielekeza silaha hiyo kwa msimamizi wao: vibarua wakaacha kazi, na wenye maduka wakakataa kumuuzia. Wafanyakazi 50 wa kujitolea waliletwa kumvunia mazao, wakilindwa na mamia ya askari, kwa gharama iliyoyapita mazao yenyewe kwa mbali.

Kitendo kilikuwepo, kilikosa jina. Mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, alisimulia kwamba alikuwa akitafuta neno pamoja na Padri John O'Malley. "Ostracism" lingewapita wakulima kimo. Padri akapendekeza jina la msimamizi lenyewe litumike kama kitenzi.

Hapo ndipo sarufi ya Kiingereza ilipomrahisishia padri kazi. Lugha hiyo haidai kitenzi kiwe na umbo maalumu. Nomino ikiwekwa mahali pa kitenzi, inakuwa kitenzi. Kilichobaki ni kuipachika "-ed" au "-ing". "They boycotted him" haikuhitaji hata herufi moja ya jina ibadilishwe. Mwanzoni magazeti yaliliandika kwa herufi kubwa, kana kwamba mwenyewe bado yumo ndani. Baadaye ikashuka ikawa ndogo, na msomaji akaweza kulitumia neno bila kujua kwamba kuna mtu aliyewahi kuitwa hivyo.

Kiswahili nacho hugeuza majina ya watu kuwa maneno, ila hupitia mlango mwingine, ule wa ngeli. Rudolf Diesel, mhandisi wa Ujerumani, alitoweka baharini mwaka 1913. Linganisha na "Dizeli imepanda bei". Kile kiambishi "a-" cha "alitoweka" kinatuambia ni mtu, na "i-" ya "imepanda" inatuambia ni mafuta. Alama ambayo Kiingereza huiweka mbele ya nomino, sisi tunaikuta kwenye kitenzi.

Kugeuza jina la mtu kuwa kitenzi ni kazi ngumu zaidi kwetu. "Boycott" linaishia na konsonanti, na kitenzi cha Kiswahili hutaka irabu mwishoni na viambishi mwanzoni. Isitoshe, neno tayari tunalo: kususia, kutokana na kususa, kama mtoto aliyekasirika anavyoisukuma sahani pembeni na kugeukia ukuta. Ndiyo maana katika Kiswahili msimamizi wa Lord Erne amebaki mtu mwenye jina lake: alisusiwa, na Desemba 1880 akaondoka Ayalandi.