Mzee si Maktaba: Sanaa, Imani na Wazee Wenye Demensia

Katika ripoti za utafiti wa nyanjani ambazo wanafunzi wetu wa Fasihi Simulizi huziwasilisha kila mwaka, kuna kauli moja isiyokosekana kwenye utangulizi. Ni ile ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyoitoa UNESCO mwaka 1960, inayomlinganisha mzee wa Kiafrika anayefariki na maktaba inayoteketea. Wengi huitumia bila kumtaja msemaji, kana kwamba ni methali ya wahenga. Kauli hiyo ilifanya kazi kubwa kwa wakati wake, kwani iliwalazimisha waliodharau fasihi isiyoandikwa waione kuwa ni hazina. Hata hivyo, tunaona kwamba imefika wakati wa kuihakiki, kwa sababu inampa mzee heshima kwa sharti moja tu: awe anakumbuka. Je, yule ambaye maktaba yake imefungwa ilhali yeye mwenyewe yu hai, anaota jua uani na kunywa chai yake, tumweke wapi?

Swali hili si la nadharia tupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wanafunzi wetu wanakutana nao. Lakini ukizisoma ripoti zao, utawaona wazee hao katika mstari mmoja chini ya kichwa "Matatizo ya Utafiti", baada ya mvua na kabla ya ubovu wa barabara: "baadhi ya wazee walikuwa wamesahau."

Tuanze na jina lenyewe, maana hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopaswa kuanzia. Lugha yetu haijatulia katika jambo hili. Wapo wanaosema "shida ya akili", istilahi inayomweka bibi aliyesahau jina la mjukuu wake katika kapu moja na kila maradhi ya akili yanayojulikana. Wapo wanaosema "usahaulifu", neno jepesi mno, kwa kuwa sote tu wasahaulifu wa funguo na miadi. Mitaani husemwa kwamba mzee "amerudi utotoni", na usemi huu, ingawa una huruma ndani yake, humnyang'anya mtu miaka 70 au 80 aliyoiishi. Demensia ni jina la jumla la dalili zinazoletwa na magonjwa mbalimbali ya ubongo, na ugonjwa wa Alzheimer ndio ulioenea zaidi. Dalili hizo hugusa kumbukumbu, lugha, utambuzi wa mahali na wakati, na uwezo wa kuamua. Katika makala haya tunatumia neno hili la mkopo. Halina uzuri wowote, lakini angalau halimtusi mtu.

Mfano unaotajwa mno katika mijadala ya sanaa na demensia hautoki kwetu, unatoka London. Tunauleta hapa kwa sababu namna ulivyosomwa na wengi inafanana na namna tunavyowasoma wazee wetu. William Utermohlen alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1933, akahamia London katika miaka ya 1960 na kuishi huko kama mchoraji. Mwaka 1995 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Alzheimer. Muuguzi aliyekuwa akimtembelea alimtia moyo aendelee kuchora, naye akajichora uso wake mara kwa mara hadi takriban mwaka 2000. Aliaga dunia mwaka 2007. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala kuhusu picha hizo, na tangu hapo zimekuwa zikipangwa kwa mstari mmoja: ya kwanza ni uso kamili, za katikati ni uso uliopinda, za mwisho ni vichwa vya penseli ambavyo sura yake haitambuliki kwa urahisi. Mtazamaji huambiwa atazame kutoka kushoto kwenda kulia aone jinsi ubongo unavyoharibika.

Hatukubaliani na usomaji huu. Hatukatai kwamba ugonjwa umeacha alama katika picha hizo, maana mkono ulidhoofika na uwezo wa kupanga umbali na vipimo ulipungua. Tunachokataa ni kumfanya mchoraji kuwa kipimajoto cha ugonjwa wake. Chukua picha ya mwaka 1997 ambamo msumeno unaonekana pamoja na uso wake. Mkewe, Patricia, ambaye ni mwanahistoria wa sanaa, ameihusisha zana hiyo na upasuaji wa maiti, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amefahamu kwamba uthibitisho kamili wa Alzheimer hupatikana ubongo ukichunguzwa baada ya kifo. Basi hapa tuna mtu anayeambiwa kwamba akili zinamwacha, naye anajibu kwa kuchora kifaa ambacho waganga watakihitaji ili wawe na hakika. Hiyo ni kejeli, na ni kejeli kali. Mhakiki anayeiona picha hii kama dalili tu amepitwa na maana ambayo "mgonjwa" aliiweka wazi mbele yake.

Isitoshe, ule mstari wa picha huanza mahali pabaya. Huanza na ugonjwa. Kabla ya hapo Utermohlen alikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kazi: alichora mfululizo wa picha uliotokana na Jahanamu ya Dante, akachora wacheza vinyago wa barabarani wa mji alikozaliwa, akachora ukutani kwa ajili ya sinagogi moja na hospitali moja mjini London. Mtu aliyekwisha kuchora vinyago na Jahanamu hakungoja Alzheimer ndipo ajue uso unaweza kupindwa kwa makusudi. Wangapi kati ya wanaozisambaza zile picha za mwisho wamewahi kuzitazama zile za mwanzo?

Kosa hili limewakuta waandishi pia. Riwaya ya mwisho ya Iris Murdoch, Jackson's Dilemma, ilitoka mwaka 1995, na mwandishi akafariki mwaka 1999 akiwa na Alzheimer. Mwaka 2005 watafiti waliilinganisha na riwaya zake mbili za awali, wakaona kwamba msamiati ulikuwa umepungua upana ilhali miundo ya sentensi haikubadilika sana. Kwa walimu wa elimumitindo utafiti huu ni mzuri, na tunapendekeza usomwe. Lakini tangu hapo ni vigumu kumpata msomaji anayeifungua riwaya hiyo akitafuta hadithi.

Sasa turudi nyumbani, kwenye kanda moja aliyoileta mwanafunzi wetu kutoka kijiji kimoja cha Busoga. Bibi mmoja anasimulia ngano ya Sungura. Sungura anafika mtoni, na kila anapofika mtoni, bibi anarudi mwanzo. Mara ya kwanza wajukuu wanacheka kidogo. Mara ya pili mtu mzima mmoja anamsahihisha, bibi ananyamaza, na kimya hicho ni kirefu hata kusikika katika kanda. Mara ya tatu Sungura anapofika mtoni, watoto hawamsahihishi. Wanaanza wenyewe kuimba kiitikio cha ngano hiyo. Bibi anakidaka, anaimba nao, na wimbo unapokwisha Sungura yuko ng'ambo. Mwanafunzi alikata sehemu yote hiyo akanukuu ngano "kamili" kutoka kwa msimulizi mwingine. Kwa maoni yetu alikata sehemu bora kuliko zote alizorekodi.

Tunasema hivyo kwa misingi ya nadharia ileile tunayoifundisha darasani. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionyesha kwamba manju wa Yugoslavia aliowachunguza hawakukariri tenzi zao neno kwa neno. Walizitunga upya kila walipoimba, kwa kutumia vipande vya maneno vilivyozoeleka na mbele ya hadhira iliyowasikiliza. Ikiwa ndivyo, basi ngano si kitabu kilichohifadhiwa kichwani mwa mzee kikisubiri kuazimwa. Ni tendo baina ya watu. Hadhira inayosema "pakawa" baada ya "paukwa" ina sehemu yake katika kuijenga ngano. Wale watoto wa Busoga walifanya kazi ya hadhira, na ngano ikavuka mto.

Marekani jambo hili limefanywa kuwa mradi. Anne Basting, mwanatamthilia wa Milwaukee, alianzisha TimeSlips mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu wenye demensia huonyeshwa picha, huulizwa maswali yasiyo na jibu sahihi wala kosa, na kila wanachosema huandikwa, hata kama ni mlio tu, kisha husomewa hadithi waliyoitunga pamoja. Kitabu chake cha mwaka 2009, Forget Memory, kinatetea ubunifu badala ya kuwabana watu wakumbuke. Tunaupenda msimamo huo. Upungufu wake kwetu ni kwamba mbinu hiyo ilikulia katika nyumba za kutunzia wazee, mahali ambapo wageni wanakutana na wageni. Huku kwetu wengi wa wazee hawa wamo uani mwa watoto wao, na picha ya kuwachokoza haihitajiki kununuliwa. Kiitikio kipo, kitendawili kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mwenye nafasi ya kukaa.

Hapa ndipo imani inapoingia. Yeyote aliyesali karibu na mzee mwenye demensia amewahi kuona jambo hili: mtu asiyejua leo ni siku gani anaitikia "Amina" mahali pake, anashika tasbihi au rozari na vidole vinajua njia, anaimba wimbo wa kanisani ubeti baada ya ubeti. Wataalamu husema kwamba mambo yaliyojengwa na mazoea ya mwili na muziki hudumu zaidi kuliko taarifa za juzi na jana. Dini nazo zina la kusema. Katika Uislamu aliyepoteza akili hahesabiwi dhambi kwa kuacha sala, na Kurani, katika Sura ya Israa, inakataza hata mguno wa kuchoshwa na wazazi waliofikia uzee. Katika Biblia ya Kikatoliki, Yoshua bin Sira, sura ya tatu, anamtaka mtoto amvumilie baba yake hata akili zikimpungukia. Maandiko haya yalimwona mzee wetu kabla ya madaktari kumpa jina.

Mwanateolojia wa Uskoti, John Swinton, amelijenga wazo hili kwa kina katika Dementia: Living in the Memories of God (2012). Anasema kwamba utu wa mtu haukai katika kumbukumbu zake mwenyewe bali katika kukumbukwa na Mungu, na jumuiya ya waumini ina wajibu wa kukumbuka kwa niaba yake. Ni hoja yenye uzuri, na inakaribiana na utu tunaoufundisha katika methali zetu. Lakini tunataka iulizwe swali la kidunia. "Jumuiya" ni nani? Katika nyumba nyingi tunazozijua ni mke wa mtoto, peke yake, saa nane za usiku, akibadilisha shuka. Parokia huja Jumapili na wimbo. Wimbo ni muhimu, tumekwisha kusema hivyo, lakini teolojia isiyozitaja zile shuka imeacha nje nusu ya jumuiya.

Tena jumuiya inaweza kuua. Katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wanaotuhumiwa uchawi wamekuwa wakikimbilia hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze. Huko Usukumani, Tanzania, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma hizohizo, baadhi kwa sababu ya macho mekundu tu, wekundu ulioletwa na moshi wa jikoni. Tamaa ya ardhi imo, na si kila anayetuhumiwa ana demensia. Lakini fikiria anayekutwa usiku katika boma la jirani, hajui alifikaje, na anazungumza na marehemu dada yake. Kijiji kinasoma tendo hilo kama matini, na kinalisoma vibaya. Kwa hiyo tunapomfunza mwanafunzi kusikiliza usemi uliokatika bila kuukimbilia kwa hukumu, hatumfunzi anasa ya chuoni.

Mwezi ujao kundi jipya linakwenda nyanjani. Tumependekeza katika kikao cha idara kwamba ngano zinazokatika zirekodiwe na kunakiliwa zote, pamoja na vimya na sauti za waliokaa pembeni, na ule mstari wa "walikuwa wamesahau" uondolewe chini ya mvua na barabara. Lililobaki bila kuamuliwa ni idhini. Fomu yetu inataka sahihi moja kabla ya kurekodi, na mzee aliyeitia sahihi asubuhi anaweza kuuliza adhuhuri kifaa hiki ni cha nini. Wenzetu wengine wanasema sahihi ya mwanawe inatosha. Sisi tunaona mzee aulizwe upya kila kifaa kinapowashwa, na akitikisa kichwa kukataa, kizimwe, hata kama mwanawe amekwisha kukubali. Kikao kitaendelea Alhamisi.